Nimejiajiri Nairobi kama mchoraji, kazi napata lakini pesa sizioni: je, nirudi kwenye ajira?

Swali: "Mwalimu, nina umri wa miaka 28 na ninaishi Kasarani, Nairobi. Miezi kumi na minne iliyopita niliacha kazi katika kampuni ya matangazo nikaanza kujitegemea: ninabuni nembo, ninachora picha za vitabu na za vifungashio. Kazi ninapata, pesa sizioni. Kuna mteja ninayemdai shilingi 85,000 kwa mwezi wa tano sasa, na kila nikipiga simu ninaambiwa suala liko kwa watu wa hesabu. Mwingine alinilipa 57,000 badala ya 60,000 tulizokubaliana, akasema ni kodi. Nembo moja niliikubali kwa 8,000, ikarekebishwa mara kumi na moja. Na juma lililopita nimeona michoro yangu mitatu, niliyoiuzia kampuni moja ya chai kwa ajili ya pakiti, ikiwa kwenye bango kubwa la Thika Road bila mtu kuniuliza. Mmoja kati ya hiyo, wa mama anayechuma majani, nilikuwa nimeuchora mwaka mzima kabla hawajanijua. Mkataba hatukuandika, tulielewana kwa WhatsApp. Nimeandaa ujumbe mkali wa kuwaanika mtandaoni ila sijautuma. Mama anasema nirudi kwenye kazi ya mshahara. Usiku silali. Je, nirudi?"

Jibu:

Dada yangu, nimesoma barua yako mara mbili, na kabla sijaingia katika hesabu na sheria nakuomba jambo moja: ule ujumbe mkali kwa kampuni ya chai usiutume kwanza. Sababu utaiona nitakapofika kwenye hakimiliki, ambako mambo hayako jinsi wengi wetu tunavyoamini.

Umeuliza swali moja, la kurudi au kutorudi, lakini ndani yake umefunga mambo manne: deni lisilolipwa, kodi iliyokatwa, bei isiyotosha na michoro iliyotumika kupita makubaliano. Yakikujia yote kwa pamoja usiku wa manane, yanafanana na ushahidi kwamba huna kipaji au kwamba mji umekukataa. Hayasemi hivyo. Mtu aliyepata kazi mfululizo kwa miezi kumi na minne katika mji wenye wabunifu wengi kama Nairobi ana soko. Unachokosa ni kile ambacho kampuni yako ya zamani ilikufanyia bila wewe kukiona: palikuwa na mtu wa kukadiria bei, mtu wa kudai hati ya kuagiza kabla kazi haijaanza, mtu wa kufuatilia malipo na mtu wa kusoma mikataba, nawe ukichora tu hadi mshahara uingie. Ulipoondoka uliondoka na kalamu, na kazi za wale wanne zikabaki bila mwenyewe. Nimewashauri wasanii kuhusu mikataba na hesabu kwa miaka mingi, baada ya mimi mwenyewe kuchora kwa miaka tisa, na karibu kila anayenijia akiwa amevunjika moyo tatizo lake limekaa hapo.

Tuanze na zile 85,000. Unaamini kwamba wanakudharau, na huenda ni kweli, lakini mara nyingi sivyo. Katika kampuni, anayekupa kazi siye anayelipa. Ofisa wa mauzo hukutumia maelezo kwa simu, unachora, anafurahi, na kwake yeye shughuli imekwisha. Idara ya fedha haikujui. Ili ikujue, lazima pawe na LPO, yaani hati rasmi ambayo kwayo kampuni inaagiza kazi yako kwa kiasi fulani cha pesa, kisha uthibitisho kwamba kazi imepokelewa, kisha ankara yako. Tena ankara hiyo sharti ipitie eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya ushuru, KRA, kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyokuwa na ankara ya eTIMS haihesabiwi katika kupunguza faida inayotozwa kodi. Ankara yako nzuri, yenye rangi na nembo, ikikosa eTIMS, mhasibu anaiona kama mzigo: akiilipa, kampuni yake itatozwa kodi kwa pesa ambazo imekwisha kuzitoa. Wajibu huu unakuhusu hata kama hujasajiliwa kwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na kujisajili si kugumu; wafanyabiashara wadogo huweza kutoa ankara hata kwa simu ya kawaida kupitia *222#.

Kwa hiyo acha kumpigia ofisa wa mauzo. Mwandikie mhasibu barua pepe fupi yenye maswali matatu: je, ankara yangu mmeipokea, ni hati gani inayokosekana, na malipo yamepangwa tarehe gani? Kauli kwamba jambo "liko kwa watu wa hesabu" mara nyingi huwa na maana kwamba haliko kwa mtu yeyote. Utashangaa ni madeni mangapi ya miezi mitano hulipwa ndani ya wiki mbili baada ya hati moja kupatikana.

Wasipojibu, waandikie barua ya madai ukiwapa siku 14, ueleze kazi, tarehe na kiasi. Zikipita, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi pale Milimani Aprili 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu kesi kuwasilishwa. Makubaliano ya mdomo au ya simu nayo ni mkataba, na deni la mkataba huweza kudaiwa mahakamani hadi miaka sita, mradi uweze kuthibitisha. Basi mazungumzo yenu usiyafute, wala usibadilishe simu kabla ya kuyahifadhi. Sitakuficha kwamba ukienda mahakamani mteja huyo huenda hatakuita tena. Lakini mteja asiyelipa kwa miezi mitano, na asiyejibu barua, sioni unapoteza nini ukimkosa.

Kwa kazi zijazo, dai nusu ya malipo kabla ya kuanza. Najua unaona haya, kwa kuwa wasanii tumelelewa kudhani kwamba anayedai pesa mapema hamwamini mteja. Nenda ukawatazame mafundi wa samani pale Ngong Road: fundi hakati ubao kabla ya kupokea pesa za mbao, na hakuna mteja anayemwona mkorofi. Arbuni hupima kama kampuni imeamua kweli kuifanya kazi hiyo, kwa kuwa pesa zikitoka ina maana LPO imetengenezwa na idara ya fedha imekujua. Katika mwaka wangu wa kwanza nilichora kalenda nzima ya kampuni moja, kurasa kumi na mbili, kwa ahadi ya ofisa ambaye alihamishwa kabla ya kunilipa. Aliyekuja baada yake hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na karatasi yoyote yenye jina langu.

Suala la 57,000 nitalipitia kwa haraka, kwa sababu huko hujaibiwa. Sheria ya kodi ya mapato inamtaka mteja anayelipa ada za kitaalamu kuzuia asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa jina lako, pale malipo ya mwezi yanapofikia 24,000 au zaidi. Hizo 3,000 ni kodi yako iliyolipwa mapema. Ingia katika akaunti yako ya iTax, tovuti ya kodi ya KRA, utafute cheti cha kodi iliyozuiliwa. Ukikikuta, utakitumia kupunguza kodi unayodaiwa utakapowasilisha ritani yako, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, kufikia tarehe 30 Juni. Usipokikuta, mwandikie mteja akitume, maana pesa iliyokatwa kwako na isiyofikishwa KRA ni jambo zito kwake. Kuna jambo hukuligusa ila nimelihofia: kama hujawasilisha ritani tangu uache ajira, fanya hivyo mwezi huu. Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Hapo nakushauri umlipe mhasibu aketi nawe ana kwa ana kwa mchana mmoja. Ni gharama itakayojirudisha.

Bei ndiyo inayokuumiza polepole. Unapanga bei kwa kuwauliza wenzako wanatoza ngapi, nao walikuwa wamewauliza wengine, na hakuna aliyekaa chini kuhesabu. Tuhesabu basi, kwa mfano tu. Weka takwimu zako. Tuseme nyumba, chakula, nauli na msaada unaowatumia wazazi vinafika 50,000 kwa mwezi, yaani 600,000 kwa mwaka. Intaneti, stima, programu, vifaa, na akiba ya kununua tarakilishi nyingine hii itakapochoka, tuseme 200,000. Kodi ya mapato, mchango wa bima ya afya na kidogo cha uzeeni, tuseme 200,000 nyingine. Jumla ni milioni moja. Mwaka una siku 260 za kazi. Ondoa 40 za sikukuu, ugonjwa, misiba na mapumziko, zibaki 220. Katika hizo, karibu nusu huishia katika kutafuta wateja, kuandika makadirio, kuhudhuria vikao na kufuatilia malipo, shughuli ambazo hakuna anayekulipia. Zinabaki siku 110 za kuchora. Gawa milioni moja kwa 110 upate takriban shilingi 9,100 kwa siku.

Sasa itazame ile nembo ya 8,000. Kama ilikuchukua siku nne, ulilipwa 2,000 kwa siku. Kwa marekebisho kumi na moja nadhani zilifika siku tisa, nawe ukalipwa chini ya 900. Kwa bei hiyo, kuongeza bidii kunakuzamisha zaidi, kwa kuwa kila kazi mpya inakula siku ambayo ingeweza kuleta 9,100. Ndiyo maana kazi unazo na pesa huzioni.

Utasema hakuna mwenye duka dogo Kasarani atakayelipa 36,000 kwa nembo, na utakuwa umesema kweli. Mwenye duka asipoweza kulipa bei hiyo, punguza kazi badala ya kupunguza thamani ya siku: nembo rahisi ya maandishi, pendekezo moja badala ya matatu, siku moja. Kampuni kubwa yenye mabango mji mzima haipaswi kulipa sawa na duka hilo. Na katika kila kadirio andika idadi ya marekebisho. Mimi huandika mawili, na kuanzia la tatu mteja hulipia siku. Ajabu ni kwamba sentensi hiyo moja humfanya mteja akusanye maoni ya wakubwa wake wote kabla ya kukujibu, maana marekebisho kumi na moja kwa kawaida hutoka kwa watu watano ambao hawakuwahi kuzungumza wao kwa wao.

Nimefika kwenye chai, na hapa nakuomba usome polepole. Karibu kila mchoraji ninayekutana naye anaamini kwamba aliyeshika kalamu ndiye mwenye hakimiliki, basi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaanzia hapo kweli, kwamba hakimiliki kwanza ni ya msanii, lakini kifungu cha 31 kinaongeza sharti: kazi ikiagizwa na mtu asiyekuwa mwajiri wako, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pale makubaliano yenu yanapozuia au kuwekea mipaka uhamisho huo. Soma tena sehemu hiyo ya mwisho. Msipoandikiana kitu, ukimya wenu unampendelea mteja. Nchi nyingine zina kanuni tofauti, na ndiyo sababu ushauri unaousoma kwenye mitandao ya Marekani au Uingereza unaweza kukupoteza.

Maana yake ni kwamba ile michoro miwili uliyoichora kwa agizo la kampuni huenda kisheria ni yao, kwenye pakiti na kwenye bango pia. Ukiwaita wezi mbele ya umma, wao ndio watakaopata sababu ya kukushtaki kwa kashfa. Hata hivyo sisemi umeshindwa. Rudi kwenye mazungumzo yenu ya WhatsApp ukatafute maneno halisi. Kama waliandika kwamba wanataka michoro "ya pakiti za gramu 250", au kama kadirio lako lilisema bei ni ya matumizi ya kwenye pakiti, wakili anaweza kujenga hoja kwamba hayo ni makubaliano yanayoweka mipaka. Ni hoja nzuri au dhaifu kulingana na maneno yenyewe, na sitajifanya naweza kuipima bila kuyaona.

Mchoro wa mama anayechuma majani ni habari nyingine kabisa. Huo hukuagizwa, ulikuwa wako kabla hawajakujua. Kwa kazi ya namna hiyo hakimiliki haihami kimyakimya, kwa sababu sheria inataka uhamisho wa hakimiliki uwe kwa maandishi yaliyotiwa saini na mwenye haki. Ulichowapa ni ruhusa ya kuutumia, na swali litakuwa ruhusa hiyo ilifika wapi. Nguvu yako iko hapo, tena ni nguvu ya kweli, mradi uweze kuonyesha tarehe. Usajili wa kazi katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, si sharti la kuwa na haki, kwa kuwa haki huanza pale kazi inapochorwa, lakini cheti chake hurahisisha kuthibitisha umiliki panapotokea mgogoro. Ningekuwa wewe ningeusajili mchoro huo sasa.

Kwa siku zijazo, mistari mitatu ndani ya barua pepe yatosha, mradi mteja ajibu kwamba amekubali: hakimiliki inabaki kwa mchoraji, mteja anaruhusiwa kutumia michoro kwenye pakiti nchini Kenya kwa miaka miwili baada ya kukamilisha malipo, matumizi mengine yatajadiliwa na kulipiwa. Mteja akitaka kila kitu kiwe chake, si kosa. Nembo hasa inafaa iwe mali ya mwenye biashara, na mimi sijawahi kumng'ang'ania mtu nembo yake. Lakini kununua kila kitu kuwe na bei yake, na bei hiyo iandikwe.

Sasa neno la mama yako. Nalichukua kwa uzito, na usilione kama kukosa imani. Mshahara hukuletea mwajiri anayechangia NSSF, mfuko wa uzeeni, sawa na wewe, na michango inayokatwa bila wewe kukumbuka. Aliyejiajiri hubeba hayo peke yake: bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hutoza asilimia 2.75 ya mapato na si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hutakiwa kuulipa mchango wa mwaka kwa mkupuo. Januari, mwezi ambao Wakenya tumeubatiza Njaanuari, wateja hunyamaza. Mtu asiyekuwa na akiba ya miezi mitatu huanza mwezi huo kwa mikopo ya simu, na riba za mikopo hiyo humla kuliko mteja yeyote mbaya.

Hivyo maoni yangu ni haya. Kama tayari unakopa kwa simu ili ulipe nyumba, tafuta mshahara, hata wa mwaka mmoja, uufanye kuwa wa kujenga akiba. Wasanii wengi imara wa mji huu walitoka na kurudi zaidi ya mara moja. Kama hukopi, kuna njia ya katikati ambayo hukuitaja: tafuta mteja mmoja, pengine hata kampuni yako ya zamani, atakayekulipa kiasi maalumu kila mwezi kwa siku mbili za kila wiki. Pesa hizo zitalipa nyumba na stima, na siku tatu zinazobaki zitakuwa zako za kuchagua kazi badala ya kuipokea yoyote inayopita. Asiwe tu mteja anayeleta zaidi ya nusu ya mapato yako yote, kwa maana akiondoka utarudi hapa ulipo. Jipe miezi sita ukidai arbuni na ukitoza bei uliyoihesabu, kisha tazama daftari lako, si hisia zako, ndipo umjibu mama.

Umeandika pia, kwa maneno mawili tu, kwamba usiku hulali. Deni likilipwa huenda usingizi utarudi. Lakini kama hali hiyo imepita wiki mbili au tatu, au kama mchana nao umekuwa mzito na kazi uliyoipenda haikuvutii, usingoje mteja alipe ndipo ujitunze. Nenda ukamwone daktari au mshauri nasaha aliye karibu nawe, umweleze kama ulivyonieleza mimi.

Juma hili mtafute wakili anayeshughulikia hakimiliki, au uanzie KECOBO, ambako wapo maofisa wanaosikiliza malalamiko ya wasanii. Kabla ya kwenda, toa faili la mwanzo kabisa la mama anayechuma majani, lile lenye tabaka zote na tarehe yake, pamoja na michoro ya penseli kama unayo, na mahali popote ulipouonyesha kabla ya kampuni kukutafuta. Nakili vyote kwenye diski nyingine bila kufungua na kuhifadhi upya lile faili la awali, ili tarehe yake isibadilike. Piga picha za bango ukionyesha barabara na siku. Chapisha mazungumzo ya WhatsApp kuanzia salamu ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na yale usiyoyapenda. Ule ujumbe mkali mwonyeshe wakili nao, aone ni kitu gani kilichokuuma, lakini ubaki kwenye simu yako.